Bei ya Kunyolewa Bolpur, 1943

Mwaka 1981 profesa mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha kitabu kuhusu umaskini na njaa. Ndani yake mna jedwali la bei za rejareja za Bolpur, mji mdogo wa wilaya ya Birbhum katika Bengal, mkoa wa India iliyokuwa chini ya Waingereza, zikilinganishwa na bei ya mchele. Zimo bei za nguo, maziwa, samaki na miavuli ya mianzi. Imo pia bei ya kunyolewa nywele. Msomaji anayepitia haraka atashangaa kinyozi wa Bolpur amefikaje kwenye kitabu cha nadharia ya uchumi. Jibu ni kwamba anayekwenda Santiniketan, mahali penye shule karibu na hapo, kwa treni hushukia Bolpur, na mwaka 1943 mwandishi wa kitabu hicho, Amartya Sen, alikuwa mtoto wa miaka tisa akisoma Santiniketan.

Naanza na jedwali hilo kwa sababu nina ugomvi na namna tunavyosoma maandishi ya watu wa ughaibuni kuhusu utoto wao. Tunayapokea kama vitu vya hamu: harufu ya mvua ya kwanza, embe la uwanjani kwa bibi, kaseti za zamani, mji ambao haupo tena. Tunasema yanapendeza, tunayaweka kando, kisha tukitaka historia tunawageukia wenye nyaraka na vyeo. Mgawanyo huo siukubali. Kumbukumbu ya mtoto inaweza kubeba swali ambalo watu wazima wa wakati huo hawakuliuliza. Ikiwa mtoto huyo atakua, atasoma, na atakuwa na ujasiri wa kuipima kumbukumbu yake kwa hesabu za sokoni, historia inaandikwa upya.

Sen alizaliwa Santiniketan mwezi Novemba 1933, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, Kshitimohan Sen, mwanazuoni wa Sanskrit, lugha ya kale ya India, aliyefundisha katika taasisi ya mshairi Rabindranath Tagore. Tagore mwenyewe ndiye aliyempa mtoto jina. Baba yake alifundisha kemia Chuo Kikuu cha Dhaka, na familia ilikuwa na nyumba katika mtaa wa Wari. Katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 2021, kumbukumbu ya mwanzo anayoitaja ni honi ya meli, yeye akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, familia ikivuka bahari kutoka Calcutta kwenda Rangoon. Baba alikuwa amepata kazi ya kufundisha Mandalay, na huko walikaa hadi 1939. Basi hata kabla ya kuanza shule mtoto huyu alikwisha kuwa mgeni mahali pa watu. Mwaka 1941, vita vilipokuwa vinaikaribia Bengal, wazazi walimwondoa Dhaka wakampeleka Santiniketan kwa babu na bibi, kwa hofu ya mabomu ya Wajapani. Tagore alikuwa amefariki Agosti mwaka huohuo.

Shule hiyo Tagore aliianzisha mwaka 1901. Masomo yalikuwa chini ya miti, wavulana na wasichana pamoja, na mbio za kushika namba hazikupewa uzito. Maktaba ilikuwa wazi kwa watoto, na Sen anaikumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko darasa lolote. Alisoma Sanskrit na hisabati kwa uroho. Ningeweza kukaa hapa kwenye miti na vitabu, na ndipo waandishi wengi wa ughaibuni wanapopenda kukaa. Lakini mwezi Aprili 1943 mtu mmoja aliyechanganyikiwa akili aliingia katika eneo la shule, na baadhi ya wavulana wakaanza kumtesa kwa mzaha. Sen na wenzake walipomfikia na kuzungumza naye waligundua kwamba hakuwa amekula kwa muda mrefu sana. Huyo alikuwa wa kwanza. Baada yake walikuja wengine, kisha makundi, kisha umati, wote wakielekea Calcutta, kwa kuwa walisikia huko watu wanalishwa.

Babu alimruhusu mjukuu awape waombaji mchele, kwa kipimo cha kopo dogo la sigara, kopo moja kwa kila nyumba, si zaidi. Mimi humfikiria sana mtoto mwenye kopo lile. Kila mara alipolijaza alikuwa anafanya uamuzi ambao serikali ya mkoa mzima ilikuwa inaukwepa. Wakati huo huo aliona jambo jingine lililobaki kichwani mwake kwa zaidi ya miaka thelathini: miongoni mwa wanafunzi wenzake, jamaa na marafiki wa familia, hakuna hata nyumba moja iliyopungukiwa. Si matajiri tu walionusurika. Watu wa kati pia, makarani na walimu, waliendelea kula. Waliokuwa wakianguka njiani walikuwa watu wa aina fulani tu, na mtoto aliona hivyo kabla hajajua kueleza.

Njaa ile ya Bengal iliua watu wengi mno. Tume ya serikali ya kikoloni iliyotoa ripoti mwaka 1945 ilitaja milioni 1.5. Sen, baada ya kupitia takwimu za vifo za miaka iliyofuata, aliona idadi inakaribia milioni 3, kwa kuwa wengi waliuawa na malaria, kipindupindu na ndui mwaka 1944, wakati magazeti yalikwisha kuhamia habari nyingine.

Maelezo ya serikali yalikuwa mepesi: chakula kimekwisha. Kweli sababu za kuamini hivyo zilikuwepo. Rangoon ilianguka mikononi mwa Wajapani Machi 1942, na mchele wa Burma, uliokuwa ukisafirishwa hadi Unguja, ukakatika. Oktoba 1942 kimbunga kikapiga Midnapore. Serikali, kwa kuhofia adui kutua pwani, ilitwaa au kuharibu mashua zote za kubeba zaidi ya watu kumi, na kwa tendo hilo ikawanyang'anya wavuvi na wachukuzi wa majini riziki yao. Mikoa jirani ikazuia nafaka kutoka nje ya mipaka yake. Ukivipanga vitu hivi pamoja unapata hadithi iliyokamilika, ambayo mtu yeyote angeridhika nayo.

Sen hakuridhika, kwa sababu alikuwepo. Alipokwenda kwenye nyaraka alikuta kwamba chakula kilichopatikana Bengal mwaka 1943 kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi cha mwaka 1941 kwa asilimia 13 hivi. Mwaka 1941 hapakuwa na njaa. Kilichobadilika ni bei. Desemba 1942 kipimo cha mchele cha kilo 37 kilikuwa rupia 13 au 14 kwa bei ya jumla mjini Calcutta. Machi 1943 kikafika 21, na kabla Mei haijaisha kikapita 30. Fedha za vita zilikuwa zikimiminwa Calcutta: viwanda, kambi, barabara, ununuzi wa jeshi. Wafanyakazi wa mjini walipata mchele wa bei nafuu kupitia waajiri wao na maduka maalumu. Kibarua wa shamba la mtu kijijini alilipwa ujira uleule, au alikosa kazi kabisa.

Hapo ndipo kinyozi anapoingia. Bei ya mchele inapopanda, mwenye nyumba hupunguza mambo anayoweza kuyaahirisha, na kunyolewa ni mojawapo. Wateja wanapungua, kinyozi anashusha bei ili apate hata mmoja, na wakati huo huo mchele anaotaka kununua umepanda mara mbili au tatu. Katika baadhi ya wilaya, kiasi cha mchele ambacho kinyozi angeweza kukipata kwa kichwa kimoja kilishuka kwa asilimia 70 hadi 80. Kinyozi hakulima, kwa hiyo hakupoteza mavuno. Hakuna kimbunga kilichompiga. Aliuawa na uwiano wa bei mbili. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa mvuvi, mfumaji na fundi wa kijijini. Hiyo ndiyo hoja ambayo baadaye ilimfanya Sen asikike duniani kote, na iliyokuwa sehemu ya kazi iliyompa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1998: watu hufa njaa kwa kukosa uwezo halali wa kukifikia chakula, na chakula chenyewe kinaweza kuwa kipo, hatua chache kutoka walipolala.

Wapo waliompinga, na si kwa ujinga. Wanasema takwimu za mavuno za Bengal ya kikoloni zilikuwa za kukisia, na kwamba mpunga wa mwishoni mwa 1942 ulishambuliwa na ugonjwa wa ukungu ambao hesabu rasmi hazikuupima ipasavyo. Inawezekana upungufu ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Mimi naona pingamizi hilo linapunguza uzito wa namba moja na kuacha swali kubwa mahali pake. Hata kama mavuno yalianguka vibaya, bado unatakiwa ueleze kwa nini mwalimu wa Santiniketan alikula na kinyozi wa Bolpur, aliyeishi karibu naye, hakula. Upungufu peke yake haumchagui mtu wa kumuua.

Kuna kumbukumbu ya pili, na hii Sen ameirudia katika vitabu zaidi ya kimoja. Mwaka 1944, wakati wa ghasia kati ya Wahindu na Waislamu mjini Dhaka, mtu mmoja aliingia kwa lango la nyumba yao ya Wari akivuja damu, amechomwa kisu. Aliitwa Kader Mia, Mwislamu, kibarua wa kutwa. Mtoto alimpa maji na kupiga kelele za kuomba msaada. Baba akamkimbiza hospitali, na huko akafa. Kabla ya kufa alieleza kwamba mke wake alimsihi asiende mtaa wa Wahindu siku zile, lakini nyumbani hapakuwa na kitu cha kula na watoto walikuwa wakingoja.

Mwandishi mwingine angeishia kwenye maombolezo juu ya chuki za dini, na angekuwa na haki. Sen aliona kwamba Kader Mia aliuawa kwa dini yake na kwa ufukara wake pia, kwa sababu Mwislamu mwenye akiba ya unga asingekanyaga Wari siku ile. Wengi wa waliokufa katika ghasia zile, wa pande zote mbili, walikuwa watu wa tabaka moja: wale waliolazimika kutoka nje. Miongo mingi baadaye aliijengea kumbukumbu hiyo hoja nzima kuhusu uhuru na umaskini. Lakini katika kila kitabu Kader Mia anaitwa kwa jina lake, na mke wake anaendelea kusema neno lake lile moja la kumzuia.

Ili kuona kwamba njia hii haikuwa lazima, mtazame Mbengali mwingine wa ughaibuni. Nirad Chaudhuri alizaliwa mwaka 1897 Kishoreganj, mji wa mtoni wa Bengal ya mashariki, na akafa Oxford mwaka 1999 akiwa na miaka 101. Tawasifu yake maarufu ilitoka mwaka 1951, alipokuwa bado anaishi Delhi na kufanya kazi redioni. Kwa uchoraji wa mahali simwoni anayemfikia. Mto, msimu wa mvua, sherehe za Durga, nyumba za mabua: anakupa kila kimoja kwa utulivu wa mtu anayeorodhesha mirathi. Na humo humo ameweka sura nzima kuhusu Uingereza, nchi ambayo hakuwa ameiona kwa macho. Aliijenga kutoka kwenye vitabu na picha za utotoni. Alikuja kuitembelea mwaka 1955, na mwaka 1970 akahamia moja kwa moja.

Chaudhuri mwenyewe alisema lengo lake ni la kihistoria, na namwamini. Tatizo langu liko kwenye mwelekeo wa macho yake. Aliitumia Kishoreganj kama ushahidi wa hukumu aliyokwisha kuifikia kuhusu jamii ya Wahindi na kuhusu dola ya Waingereza, dola ambayo alikitabarukia kitabu chake na kwa kufanya hivyo akawakasirisha wengi katika nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Kila kumbukumbu kwake inajibu. Kwa Sen kumbukumbu inauliza, na ndiyo maana iliweza kumpeleka mahali ambapo hakupajua. Kwa uzuri wa sentensi nitamsoma Chaudhuri. Nikitaka kuelewa kwa nini jirani yangu ana njaa, nitamwacha.

Wote wawili, kwa njia, walinyang'anywa nchi ya utoto wao bila wao kuhama. Kishoreganj na Dhaka ziliingia Pakistan mwaka 1947, kisha Bangladesh mwaka 1971. Raia wa India aliyekulia Wari akitaka kuuona mtaa wake anahitaji viza. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ashike kumbukumbu kwa mikono miwili.

Kuna urithi mmoja wa Santiniketan ambao wachambuzi wa uchumi huupita, nao nauona ndio ufunguo. Babu yake Sen, Kshitimohan, alizunguka akikusanya mashairi ya Kabir, mshairi wa karne ya 15 aliyezaliwa katika jamii ya wafumaji na kuheshimiwa na Wahindu na Waislamu pamoja. Hakutegemea miswada peke yake. Aliwasikiliza waimbaji wazururaji waliokuwa bado wanayaimba mashairi hayo, akayaandika kama walivyoyatoa midomoni, na akayachapisha kuanzia mwaka 1910. Tagore aliyatumia alipotafsiri nyimbo 100 za Kabir kwa Kiingereza. Wataalamu wa miswada walimlaumu Kshitimohan: kilichoimbwa na ombaomba wa leo, walisema, si cha Kabir. Mjukuu amemtetea babu yake katika tawasifu, na utetezi wake ni kwamba shairi la mdomo lina maisha yake, na anayesubiri karatasi peke yake ameshaamua nani asisikike.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Tenzi zetu ngapi zilifika kwenye karatasi kwa sababu mtu fulani Lamu au Mombasa alikaa na mzee akaandika? Lakini nataka kulipeleka jambo hili kwenye vita vilevile vya Sen, kwa kuwa watu wetu walikuwemo. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon na askari wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, na takriban watu 1,300 wakafa. Baadaye mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Keya (jeshi la King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita India na kuingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya masika hadi mto Chindwin. Walipita katika nchi ambayo bado ilikuwa inawazika watu wa njaa ile. Walikula chakula cha jeshi, na ununuzi wa jeshi, kama tulivyoona, ulikuwa sehemu ya kilichopandisha bei. Hilo si kosa la askari aliyechukuliwa Ukambani au Songea. Lakini yeye ni shahidi, na ushahidi wake tuliuomba vibaya.

Tulimuuliza aliua Wajapani wangapi, akacheka akatuambia habari za msitu na mvua. Vitabu vya vita, vingi vikiwa vimeandikwa na maofisa wake, vikatupa majina ya vilima na tarehe. Askari wenyewe sasa karibu wote wameondoka. Watoto wao wapo, wengi wana miaka sabini na zaidi, na wanakumbuka mengi waliyoyasikia na kuyaona baba aliporudi. Wajukuu wao wako Minneapolis, Muscat, Leicester na Dar es Salaam, wanaandika kuhusu utoto wao, na nawasoma kwa hamu kubwa. Ninachowaomba ni maswali ya aina ile ya Bolpur. Mshahara wa babu ulikuwa shilingi ngapi kwa mwezi, na nani aliupokea nyumbani? Mwaka aliorudi, pishi la mahindi lilikuwa bei gani sokoni, na ng'ombe? Nani alilima shamba alipokuwa hayupo, na nani kijijini alilala njaa wakati fedha za vita zinaingia? Je, aliwahi kusimulia habari za vituo vya treni vya India, na watu aliowaona wamelala pale? Mpigie simu shangazi leo, muulize bei.